Hali ya Maji ya Kunywa

Tulipoambiwa kwamba kitongoji chetu kina maji salama, tulipiga makofi.

Nilikuwa nimekaa mbele, kwenye mkeka wa kina mama, na mimi ndiye niliyeanza kupiga. Benjamin, kijana wa mradi, alisimama kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Nyuma yake lilining'inia bango lenye miraba kumi na saba, kila mmoja na rangi yake. Akagusa mraba wa sita.

"Kwa takwimu mlizotupa wenyewe," alisema, "hapa kwenu lengo hili limefikiwa kwa asilimia mia moja. Hongereni sana."

Tukazidisha makofi. Kisha akaeleza kwamba kwa sababu hiyo kisima kirefu cha pampu kitachimbwa kitongoji cha pili, ng'ambo ya mikorosho, ambako uhitaji umeonekana kuwa mkubwa zaidi.

Makofi yakapungua, mikono ikabaki mapajani.

Mzee Dadi, anayesikia kwa sikio moja, aliinuka akishika kiuno. "Samahani, mwanangu. Hilo lengo limefika lini? Maana sisi tupo hapahapa siku zote, hatukuliona likipita."

Watu waliangua kicheko. Mimi nilitazama nyuzi za mkeka. Majibu arobaini na moja ya kitongoji chetu yaliandikwa kwa mkono wangu.

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na minne. Utotoni, kaka zangu waliposhika njia ya kwenda shule Kitomanga, mimi nilishika njia ya mbugani, kwenye lambo la maji, na ndoo kichwani, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo mwalimu Edwin alipohamia kwetu kutoka Rondo na kuanzisha kisomo, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Tulisomea kwenye jengo la madrasa, baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Mwalimu ni Mkristo, lakini adhana ilipoanza aliweka chaki chini na kusubiri, kofia mkononi, mpaka iishe. Kila nilipoweza kusoma neno jipya nilisema alhamdulillah kwa sauti, na darasa zima lilinicheka.

Aliyenicheka zaidi ni Mwanasha, jirani yangu. Tulikaa dawati moja. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano na alinipita kwa mbali. Mimi nikihangaika na mstari wa pili, yeye ameshamaliza ukurasa na anachungulia daftari langu.

"Shoga, hiyo 'g' yako ina kitambi."

"Imeshiba. Yako ina njaa."

Mwalimu alitwambia wazi kwamba yeye akirudi Rondo, darasa atamwachia Mwanasha. Kesho yake Mwanasha alikuja amevaa viatu vya kufunika, kama vya mwalimu.

Mradi ulipokuja kutafuta mwanamke anayejua kuandika, mwalimu alitaja majina mawili. Mwanasha alikuwa na mtoto wake Imani, mwaka mmoja na nusu, anaharisha wiki ya pili. "Nenda wewe, dada Adija," aliniambia. "Mimi nikiandika na huyu mgongoni, karatasi zitanuka."

Semina ilikuwa ya siku moja. Benjamin alituonyesha ile miraba na kusema dunia nzima imekubaliana: umaskini, njaa, shule, maji, yote yawe yamefanyiwa kazi kufikia mwaka elfu mbili na thelathini. Alisema nchi haiwezi kupeleka kitu mahali isipopajua. Mpaka leo naliamini neno hilo. Kisha akainua kalamu. "Andikeni kile mtu anachosema. Msiongeze, msipunguze. Takwimu ni amana."

Neno amana liliniingia. Asubuhi ya kazi nilisali rakaa mbili, nikamwomba Mwenyezi Mungu aulinde mkono wangu na uongo.

Swali la tisa lilikuwa: Hali ya maji ya kunywa.

Sasa, kwetu sisi, ukimuuliza mtu hali, iwe hali ya nini, anakujibu salama. Aliyeezuliwa paa na upepo atasema salama. Aliyetoka kuzika atasema salama, tunamshukuru Mungu. Hayo si majibu, ni mlango. Unakaribishwa, unaketi, unapewa maji ya kunywa, ndipo mwenyeji anashusha pumzi na kusema "ila". Habari zetu zote ziko baada ya "ila". Nimezaliwa humo, ninalijua hilo kuliko ninavyojua kuandika jina langu. Lakini siku zile mbili nilikuwa nimevaa kizibao cha mradi, nina ubao wa kuandikia na nyumba arobaini na moja za kumaliza. Nilisimama mlangoni, nikauliza nimesimama, nikaandika nimesimama.

Kwa Mwanasha nilifika mchana wa siku ya pili. Alikuwa ameinama kwenye beseni, anafua vitambaa vya mtoto. Maji ya beseni yalikuwa na rangi ya udongo kabla hata hajatia vitambaa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, afisa! Karibu kiti."

"Sikai, shoga. Nina kazi."

"Haya, serikali haina makalio."

Tulicheka. Nikasoma maswali, naye alinisikiliza huku akitabasamu, kwa sababu nilisoma bila kukwama. Nilipofika la tisa, akasimama wima, akakamua kitambaa.

"Hali ya maji ya kunywa?"

"Salama," alisema. Akafungua mdomo kuendelea.

Nilikuwa nimeshageuza ukurasa. "Swali la kumi. Choo?"

Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Niliketi kizingitini, jua likielekea alasiri, sina wa kumuuliza ila mimi. Mtungi ulikuwa nyuma yangu. Asubuhi ileile nilikuwa nimechuja maji ya lambo kwa kanga, na katika kanga waliruka viluwiluwi watatu. Kalamu ilisimama kwenye swali la tisa muda mrefu. Nyumba arobaini zilikuwa na maji salama. Nikawaza itakavyoonekana, kwamba katika kitongoji kizima mwenye maji machafu ni Adija, yule anayejifanya msomi. Nikaandika salama. Wale arobaini walikuwa na adabu. Mimi nilisema uongo.

Kisha nikaenda kutawadha kwa maji yaleyale.

Kiangazi kilichofuata lambo lilikauka kabisa. Pampu ya kitongoji cha pili ilikuwa imeshaanza kutoa maji, na wenyewe hawakutunyima, Mungu awalipe. Lakini wageni walichota baada ya wenyeji, yaani kuanzia alasiri. Mwanangu Musa ana bodaboda, aliniletea madumu mawili kila asubuhi kutoka Kitomanga, kwa hiyo mimi darasani sikukosa hata siku moja. Mwanasha hakuwa na Musa. Kwanza alichelewa. Halafu akawa anaingia nusu ya somo, bega limelowa, anasoma huku anasinzia. Halafu mara mbili kwa wiki, mara moja. Mwalimu Edwin aliendelea kuita jina lake kwenye mahudhurio mwezi mzima, akinyamaza kidogo baada ya kuliita, kisha akaacha.

Imani alilazwa mara tatu mwaka ule. Alipona. Lakini ukimwona leo akicheza na wenzake utadhani ni mdogo wao.

Mimi nilifanya mtihani nikafaulu. Mwalimu aliporudi Rondo, darasa aliniachia mimi.

Niliomba msamaha kwa Mungu katika kila sala. Najua Mungu ni mwingi wa rehema. Najua pia kwamba haki ya mja mwenzako hakusamehei Yeye mpaka umwendee mwenyewe, na hapo ndipo nilipoukwepa uso wa jirani yangu kwa miaka miwili. Nilipomwona njiani nilimsalimu haraka, naye alijibu vizuri kama kawaida.

Mwaka huu mradi umerudi na fomu mpya. Niliomba nipewe kazi, na nyumba ya kwanza niliyoingia ni ya Mwanasha. Alinivutia kigoda, nikakaa. Sikufungua karatasi. Nikamweleza yote tangu mwanzo.

Alisikiliza akipepeta mchele, hakuinua uso. "Ulikuwa umesimama," alisema mwishowe. "Nani anamwambia shida zake mtu aliyesimama? Nilijua utarudi jioni tuzungumze."

"Na yangu pia niliandika salama."

Ungo ukatulia. "Ya kwako?"

"Ya kwangu."

"Na wewe, dada Adija, mlangoni kwako mwenyewe ulikuwa unamwonea haya nani?"

Hakunidai jibu. Aliendelea kupepeta, na baada ya muda akaanza kusema juu ya maji, taratibu: anarudi saa ngapi, foleni ina watu wangapi, daktari alimwambia nini, goti linamuuma upande gani. Hapo nikafungua fomu; nafasi ya swali ilipojaa, nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake kwa herufi ndogo mpaka chini.

Alipomaliza, alijifuta mikono kwenye kanga akanyoosha mkono.

"Nione ulichoniandika safari hii."

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Mwa-na-sha," akasoma, akatabasamu. "A-na-cho-ta." Kidole kikasogea kwenye neno la tatu, kikabaki hapo. Akarudi mwanzo wa neno, akajaribu tena herufi moja moja, midomo ikitembea bila sauti. Kuku walipita katikati yetu wakidonoa chenga za mchele.

Akanirudishia karatasi.

"Nisomee wewe," alisema.

Nikasoma. Nilisoma polepole, na kila mwisho wa sentensi nilinyamaza kidogo, ili kama kuna neno amebakiza, aliseme.