Ng'ombe wa Tano

Frederick alimpeleka ng'ombe kwa Loishiye yeye mwenyewe, mwezi wa pili, na maneno aliyoacha pale yalikuwa machache.

"Hata nikija mimi, hata nikija nalia, usinipe."

Loishiye akacheka. Ni watu wa rika moja, wamezoea kutaniana. Alipomtazama usoni akaacha kucheka.

Huyo alikuwa ng'ombe wa tano. Wanne wa kwanza walishaishia kwenye simu. Frederick alikuwa anabeti mpira. Mkeka wa mechi ukichanika leo, kesho anaweka mkubwa zaidi ili arudishe cha jana, na cha jana hakirudi. Nyumbani alimwambia mkewe, Nashipae, kwamba wale wanne amewagawa kwa marafiki upande wa Monduli, wafuate majani. Nashipae aliamini; Loishiye alijua. Huku kijijini Musa, upande mkavu wa mlima Meru, kila mtu ana ng'ombe kwenye boma la mwingine, na hakuna mke anayezunguka Monduli kuwatafuta.

Sasa Jumamosi moja mchana Frederick akaingia bomani kwa Loishiye, na hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa Lemayian, dalali wa mnadani Kisongo, ana fimbo na kamba mpya.

"Nimekuja kumchukua ng'ombe wangu."

"Kaa kwanza unywe chai."

"Chai baadaye. Huyu bwana ana haraka."

Mwenye haraka hakuwa Lemayian. Lemayian aliegemea fimbo yake, anamkagua ng'ombe taratibu kama mnunuzi yeyote. Frederick ndiye aliyekuwa akichungulia simu kila mara. Mechi zilikuwa zinaanza saa kumi.

Loishiye alijua amebanwa. Ng'ombe wa kutunziwa ni wa mwenyewe. Mtunzaji anakunywa maziwa tu, na siku mwenyewe akija, unamfungulia. Ukikataa umekuwa mwizi, na kesi inafika kwa wazee. Amwambie dalali kwamba huyu anabeti? Lemayian angejibu kwamba yeye hanunui tabia za watu, ananunua ng'ombe.

"Unafungua, au nifungue mimi?" Frederick akashika miiba ya lango.

Loishiye akasimama mbele yake.

"Pakiteng," akasema.

Frederick akaiachia miiba. Lemayian naye akainua kichwa.

Hilo si neno la kutania. Mtu akikupa ng'ombe, akakupa kabisa, majina yenu yanakufa kati yenu. Mnaitana Pakiteng mpaka mmoja azikwe. Na ng'ombe aliyetolewa hivyo harudi, wala hakuna Mwarusha mwenye akili atakayemnunua kutoka kwa aliyemtoa.

"Unamwita nani?"

"Nakuita wewe, Pakiteng."

"Unaniibia mchana kweupe, Loishiye."

"Sema kwa sauti, huyu asikie. Mwambie ulimleta hapa kwa sababu gani."

Dalali akamgeukia Frederick. "Mimi sitaki kesi. Huyu ng'ombe ulimpa, au hukumpa?"

Simu ikatetemeka mfukoni. Frederick hakuigusa. Akisema hapana, itabidi aeleze ni kwa nini alimficha ng'ombe wake asimpate yeye mwenyewe, na kesho mnada mzima utakuwa unamcheka. Akamtazama ng'ombe. Akaitazama kamba.

"Nilimpa."

Lemayian akakunja kamba yake. "Ungeniambia tangu Kisongo. Umenichosha miguu bure." Akaondoka bila kuaga.

"Umefurahi," Frederick akasema. "Umepata ng'ombe. Mimi kwangu juu ya nyumba bado kuna mabati ya kuuza. Mabati hayana Pakiteng."

Akatoka, akaanza kushuka korongoni. Loishiye akachukua fimbo akamfuata.

"Unanifuata?"

"Naenda kumsalimia Nashipae."

"Ukamwambie nini?"

"Kwamba kwa watu ng'ombe ni wangu, lakini maziwa aje achukue kila asubuhi. Na ndama akizaliwa ni wa kwake yeye, si wako. Basi. Mengine siyasemi mimi."

"Mengine yapi?"

"Wale wa Monduli."

Walipanda upande wa pili wa korongo, mmoja nyuma ya mwingine, na kila Frederick alipoongeza mwendo, Loishiye naye aliongeza.

Nashipae alikuwa uani anapepeta maharage. "Karibuni. Mbona kama mmetoka msibani?"

Frederick aliangalia mabati juu ya nyumba, akamwangalia Loishiye aliyekuwa amesimama pale pale njiani, fimbo mkononi. Akatoa simu, akaiweka kwenye ungo, juu ya maharage.

"Kaa nayo wewe," akamwambia mkewe. "Namba ya siri nitakwambia, uibadilishe."

"Kuna nini?"

"Wale ng'ombe wanne hawako Monduli."

Nashipae akauteremsha ungo chini polepole.

"Wako wapi?"

Loishiye akageuza uso, akautazama mlima. Hilo hakuulizwa yeye.