Pengo Kati ya Mama na Mgonjwa

…na kidole kiko juu ya kitufe, kubonyeza tu, dada yuko jikoni anasuuza vikombe, anauliza, "Umeshafuta?", namjibu bado kidogo, kidogo gani na amri nzima nimeshaiandika, futa, kisha jina la folda ya video za mama alipokuwa akiugua, Mama mgonjwa… hebu ngoja, nimeacha pengo tupu katikati, na kompyuta hii ya dada ikiona pengo inakata, itadhani nimeitajia folda mbili, Mama na mgonjwa, ya mgonjwa peke yake haipo, lakini ya Mama ipo, ndimo alimo akiwa na afya yake, anaimba huku anapiga pasi, anamcheka baba kwa kufunga tai vibaya, hatuna nakala nyingine popote, angekwenda kimya kimya, bila hata kuulizwa una hakika… na ni mimi huyu ninayewaimbia wenzangu kazini kila siku, jina likiwa na pengo, pengo hilo litangulizieni kile kistari kinachoegemea nyuma, ndipo mashine ijue pengo ni sehemu ya jina, isikate… haya, nakiweka, sasa ni jina moja, nalitazama, pazia linapumua, mwanga unapita juu ya skrini na herufi zinaelea kama sabuni kwenye karai, na dada anasema, "Futa tu, mdogo wangu, mimi nikiziona hizo video silali," namwelewa, ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, ndiye aliyemgeuza kitandani, mimi nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka na simu yangu… na siku ile nilipomwelekezea simu akasema, "Unanipiga picha nywele sijachana, utanifukuzia wachumba," akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kicheko kile hakimo kwenye folda ile nyingine, kimo humu humu, pamoja na chupa za dawa na midomo iliyokauka, sasa aliyenitania ni nani kama si mama, na mimi nimekaa hapa namgawa, huyu abaki, huyu aende… maji yanachuruzika jikoni, vikombe vinagongana polepole, "Umeshafuta?", kidole bado kiko juu ya kitufe na nimeshajua sitabonyeza, nitazihamishia kwangu, dada asizione tena, apate usingizi, lakini sitamdanganya kwamba zimefutika, nitamwambia, dada, nisamehe, hata huyo mgonjwa namhitaji.