Moto wa Kuachiwa Jirani

Programu ile ya kutumiana picha ilimtia Yusta zaidi hamu ya kujua kuliko hofu. Mwenzake Dastan, ofisa wa vijana kama yeye, alikwisha kata shauri: wazazi wa vijana wao wakija mchana waambiwe waipige marufuku, basi!

"Picha yenyewe inajifuta, Yusta. Kitu cha heri hujificha?"

"Sasa utahukumu usichokijua? Hebu tuulize kwanza."

Na jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Mzee Masunga wa Zagayu alishaapa kwamba wataalamu wakisema ni mbaya, simu ataiponda kwa jembe, na bintiye Felisita atamtoa kwenye mafunzo ya cherehani pale Bariadi akachume pamba. Yusta alizijua nguo alizoshona binti yule. Roho ilimuuma.

Akamwita Felisita. "Nionyeshe, mwanangu. Hiki kialama cha moto ni nini?"

Felisita akachangamka. "Moto wangu na Nancy, madamu! Tukitumiana picha kila siku unawaka. Ukiruka siku moja tu, umezimika."

"Nancy si yuko shambani, kusikoshika mtandao?"

"Kaniachia neno lake la siri, namchochelea."

"Makubwa! Na wewe ulipokwenda msibani Nassa?"

"Nilimwachia rafiki yetu Lucy langu." Akawatazama, hajui kosa lake. "Moto ukizimika jikoni si unaomba kwa jirani? Nani anamnyima mwenzake moto?"

Dastan akacheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamkauka. "Kumbe mimi nahangaika na picha kujifuta, nisiulize nani yumo ndani!"

Wazazi walipofika, Yusta akawaeleza hivyo hivyo, kwa habari ya moto na jirani. Mzee Masunga alisikiliza kakunja uso.

"Mayu," akamwambia kwa heshima, kama anayemwita mama yake, "jirani akija kuomba moto tunampa kaa. Hatumpi ufunguo wa nyumba."

"Ndilo neno, baba. Felisita, badilisha neno lako la siri sasa hivi, mzazi wako aone."

Simu ikamtaka aandike kwanza la zamani. Akaandika, ikakataa. Akarudia polepole, herufi moja moja. Ikakataa tena. Kuna mtu alikwisha libadilisha.

"Lucy hawezi," akasema Felisita. "Lakini Lucy naye alimwachia mtu."

Akaangua kilio. Picha zake zote alizozihifadhi zilikuwa humo. Mzee Masunga akainuka, na binti akaikumbatia simu kifuani. Dastan akageuza uso, hakutaka kuona.

Mzee akavuta benchi, akaketi ubavuni pa bintiye.

"Nyamaza, ng'wanone, mwanangu. Hii haivunjwi. Nikiivunja, yule mwizi anabaki ndani, sisi tunabaki nje." Akamgeukia Yusta. "Haya, mayu. Tunamtoaje?"