Mkwe Nyuma ya Kikapu

Heshima ni utumwa. Muulize Ishak wa Wete, aliyeposa Madungu. Sekunde za mwisho za nusu fainali ya mpira wa kikapu dhidi ya Madungu, Wete wakiwa nyuma kwa pointi moja, Ishak alipewa mitupo miwili ya adhabu. Bi Mwanawema, mama wa mchumba wake na shabiki wa Madungu, akahama kiti, akaenda kuketi nyuma ya kikapu, akamkazia macho mkwewe.

Ishak akainamisha uso, kama adabu inavyotaka. Mtupo wa kwanza ukapita juu ya ubao. Wa pili haukufika hata wavuni. Madungu wakaingia fainali kwa vigelegele.

“Shikamoo mama,” Ishak akamnong'onea baadaye. “Lakini leo umeniponza.”

“Marahaba mwanangu. Mke nitakupa, radhi sikuombi.”