Mkono wa Kushoto wa Nusra

Lubna aliitwa mwizi asubuhi moja ya mwaka 2003, ofisini Irving, Texas, na aliyemwita hivyo hata sauti hakupandisha. Alikuwa mkuu wa michoro wa kampuni ndogo ya vitabu vya watoto, mama wa makamo mwenye miwani ya rangi ya machungwa. Alikuwa akifunua jalada la michoro la Lubna huku akitabasamu, mpaka alipofika kwenye mchoro wa bibi mmoja.

Bibi huyo kajitanda kanga juu ya koti la baridi, kakaa mbele ya mashine ya kufulia, na birika lake la kahawa kaliweka juu ya mashine. Lubna alikuwa amemchora kwa penseli palepale, katika chumba cha kufulia cha nyumba zao za kupanga huko Lewisville. Alikuwa bibi wa kweli, jirani yao wa mlango wa tatu. Tabasamu la yule mama likakatika. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi ya Idi. Bibi yuleyule, koti lilelile, birika lilelile. Nyuma ya kadi pameandikwa: Michoro ya Nusra Ubeid, Houston.

"Una mkono mzuri," yule mama alisema. "Lakini sisi tunatafuta mtu mwenye mambo yake mwenyewe."

Kiingereza alichosomea Lubna tangu ana miaka kumi kikamkimbia. Alikusanya michoro yake, akashuka ngazi, akajifungia garini, akalia kwa hasira huku ndege za uwanja wa DFW zikimpita kichwani moja baada ya nyingine. Huzuni haikuwamo kabisa. Ilikuwa hasira tupu, na hasira ile alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Nusra hakuwa mtu baki. Mama zao walikua mtaa mmoja Unguja, wakaolewa mwaka mmoja, wakaja Texas mmoja nyuma ya mwenzake. Watoto nao wakasoma chuo kimoja cha sanaa, chumba kimoja, jiko moja. Nusra alikuwa mchangamfu, mwenye maneno, anayependwa na walimu kabla hajafungua kitabu cha michoro. Ila kuchora alikuwa hajui. Alijua kunakili. Kazi zake zote alizifanyia juu ya meza ya taa, ile yenye kioo na balbu chini yake: unaweka mchoro wa mtu, unaweka karatasi yako juu, unafuata mistari. Muhula wa mwisho alimwambia Lubna, "Shoga, nipe vitabu vyako vya michoro. Nyumbani Houston kuna scanner nzuri, nta-scan vyote nikutilie kwenye CD, ukaombee kazi." Lubna akampa. Vitabu vilirudi baada ya miezi, na CD juu yake, na kisanduku cha halua.

Lubna alipompigia simu siku ile ya Irving, Nusra alicheka. "Lubna, that's just style. Nani ana hatimiliki ya bibi na koti lake?"

Ushahidi ulikuwa wapi? Lubna hakuwa ameandika jina wala tarehe popote, maana alichora kama anavyopumua, bila kufikiria kwamba yupo wa kumwibia. Na mama yake, Bi Badria, alimkataza kabisa kulitoa jambo nje. "Mimi na mama yake tumelala kitanda kimoja udogoni. Unataka tukaanikane kwa Wazungu kwa sababu ya kadi?"

Basi Lubna akanyamaza. Akapata kazi ya duka la magazeti uwanja wa ndege, na Jumamosi akawachora mabibi harusi mikononi. Piko ilimpenda. Ile rangi nyeusi haitaki mtu wa kusitasita, maana ikishanywewa na ngozi hufuti. Lubna alichovya brashi, akaanza kwenye kifundo cha mkono, akapanda na shina, majani, vikonyo vya asumini, asichore mstari mara mbili. Wanawake wa Fort Worth wakaambiana, wa Lewisville wakaambiana, na habari zikateremka mpaka Houston kwa mwanamke mmoja aitwaye Mama Abdulhafidh, aliyekuwa akimwoza mwanawe wa pekee.

Mchumba alikuwa Nusra.

Nusra hakuthubutu kumpigia Lubna. Mama yake ndiye aliyempigia Bi Badria, kwa sauti ya kubembeleza: mama mkwe kamwona bibi harusi wa Fort Worth, kasema hataki mkono mwingine ila ule. Bi Badria alipokata simu alimtazama binti yake kwa wasiwasi.

"Utakwenda?"

"Nitakwenda, Mama," Lubna alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Irving akalala usingizi mnono.

Walifika Houston adhuhuri ya Ijumaa. Sebule ilijaa wanawake, udi unafuka, watoto wa kike wanakimbizana na kujibu kwa Kiingereza kila wanapokaripiwa. Juu ya kabati la vyombo, Mama Abdulhafidh alikuwa amezipanga zile kadi za Idi kama picha za familia. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kupenda kujisifu bila kuficha. "Mkaza mwanangu msanii," alimwambia kila aliyeingia. "Hizi zote kazi zake. Mtazameni huyu bibi na birika lake, hamkumbuki nyumbani?"

Lubna alimtazama bibi wa mchoro wake juu ya kabati la watu. Akamwamkia mwenye nyumba kwa adabu, akakaa kwenye mkeka, akakoroga piko.

Nusra aliletwa kajifunika kanga mpya, akakaa mbele yake, macho chini. "Ahsante kwa kuja, shoga," alinong'ona.

"Nipe mkono wa kulia," Lubna alisema.

Alichora namna ambayo hajawahi kuchora. Hakuharibu hata unywele. Shina lilianzia upande wa dole gumba, likazunguka kifundo, likamwaga maua mpaka ncha za vidole, na wanawake wakaacha mazungumzo yao wakaja kutazama. Piko ikakauka, ikaoshwa, mkono ukang'aa, vigelegele vikapigwa. Nusra akatabasamu kwa mara ya kwanza, akanyoosha mkono wa kushoto.

Lubna akaiweka brashi chini.

"Mama Abdulhafidh," alisema, kwa sauti ya furaha iliyomshangaza mwenyewe, "mimi nani hata nimchore msanii mikono yote miwili? Nimeanza na wa kulia makusudi, apate wa kushikia brashi. Huo wa kushoto achore mwenyewe. Kuiga hana haja ya kwenda mbali, kielelezo anacho mkononi. Itakuwa kumbukumbu."

Mwenye nyumba alipiga makofi. "Hilo neno! Chora, mwanangu, tukuone!"

Vigelegele vikapanda tena. Bi Badria peke yake hakupiga. Alimjua mwanawe, akakishika kikombe chake cha kahawa kwa mikono miwili.

Sasa, mikono ya bibi harusi hutazamana. Kilichokwenda kulia huku kinakwenda kushoto kule, kila ua, kila jani. Mchoraji hugeuza kichwani mwake, wala hajui kwamba anageuza. Lakini chini ya ngozi ya mtu hakuna kioo wala balbu. Nusra alichovya brashi, akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto, akatazama tena wa kulia. Akaanza. Shina likatoka upande wa kidole kidogo, likapinda kwenda nje, likatetemeka, likaangusha doa jeusi katikati ya mgongo wa mkono.

"Auntie, it's backwards," kitoto kimoja kikasema, kikionyesha shina lililogeuka.

Wanawake wakainama kutazama. Lubna aliusikia moyo wake ukidunda kwa raha. Lakini Mama Abdulhafidh akacheka, akampapasa bibi harusi begani. "Woga wa harusi huo! Mimi siku yangu nilivaa viatu vya mtu." Wanawake wote wakacheka naye, na Lubna akaona kisasi chake kinamponyoka hivihivi, kinageuzwa kichekesho cha harusini.

Nusra akamwinamia. "Please, Lubna. Nimalizie. Harusi ikipita ntawapigia watu wa kadi, nta-explain everything. Wallahi."

"Usiniambie mimi. Waambie hawa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na useme Kiswahili, mama mkwe wako asikie vizuri."

Nusra alimtafuta mama yake kwa macho, mama yake akatazama mkeka. Doa la piko lilikuwa linakauka. Hapo ndipo Nusra aliposema, kwa sauti ndogo iliyofika kila pembe ya sebule: "Kadi si zangu. Kachora Lubna. Mimi nilizinakili."

Mama Abdulhafidh hakucheka. Aligeuka kulitazama kabati lake, kadi moja baada ya nyingine, na uso wake ulizeeka palepale. Bi Badria akasema, kwa upole, "Umeshasikia ulichotaka, Lubna. Mmalizie mtoto wa watu."

Lubna akamaliza. Hakuna atakayesema mkono wa kushoto ulichorwa vibaya kuliko wa kulia. Ule mstari uliopinda angeweza kuuficha kwa jani moja tu, na hakuuficha. Alipofika kifundoni, mahali ambapo kila anayempa bibi harusi mkono lazima apaone, akaandika kwa herufi safi, zinazosomeka hata na mwenye miwani mbovu: Mchoro wa Lubna Ahmada, 2003.

Mama Abdulhafidh akainama, akasoma kwa kusogeza midomo. "Hili nini?"

"Saini, Bi mkubwa. Siku hizi kazi zangu natia saini."

Nusra alikamata pamba yenye maji, akataka kufuta. Mama mkwe wake akaushika mkono ule wenye saini, bila nguvu, akauweka juu ya goti. "Iache," alisema. "Iache hivyohivyo, watu waisome."

Jioni ile mama na mwana walipanda gari kurudi Lewisville. Bi Badria alikaa mkoba mapajani, uso dirishani. Wakaupita mji wa Huntsville. Lubna aliendesha akingojea karipio, akilipanga na jibu lake, na jibu lilikuwa kwamba hajutii chochote na angeulizwa angerudia. Kiza kilipoanza kushuka juu ya malisho, Bi Badria akakohoa.

"Hiyo piko," aliuliza, "hukaa muda gani mpaka itoke?"

"Wiki mbili, Mama. Akiwa haoshi vyombo, tatu."

Bi Badria aliugeuza uso kutoka dirishani.

"Bibi harusi haoshi vyombo," alisema, na kicheko kikamshinda.