Dakika Ishirini Hewani

Kanuni ya kwanza ya kikao chetu cha redio niliiandika mimi mwenyewe: mwenzako akimaliza kusema, hesabu tatu kabla hujabonyeza kitufe cha maiki. Ukishabonyeza unasema tu, husikii kitu. Hizo tatu ni za mnyonge, yule mwenye betri iliyochoka au aliye nyuma ya mlima, naye apate upenyo wa kuingia.

Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye mitambo ya simu, nikiwaunganisha watu na kuwaambia wengine wasubiri. Nilipostaafu nikarudi kijijini huku mlimani, nikatundika waya wa redio ya mawasiliano juu ya paa, mke wangu akasema sasa nimepata mahali pa kuropoka bila kumchosha yeye. Hakukosea. Kila siku saa kumi alasiri tulikutana hewani wastaafu saba, mimi mwenyekiti. Sahibu yangu mkubwa alikuwa Fundi Saa, aliyeishi bonde la pili ambako simu za mkononi hazishiki. Kwake redio haikuwa mchezo kama kwangu. Bwana huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: kunikatiza. Nikisema nilianza kazi mwaka fulani, anaingia: "Mwaka uliofuata, mzee mwenzangu." Alinikera, na nilimpenda sana.

Jumanne ile nilikuwa nimefunga antena mpya, na asubuhi yake nilikuwa nimeongea na mtu wa bara jingine kabisa. Kichwa kilivimba. Nikawapigia wenzangu stori dakika ishirini nzima, nikiachia kitufe kuvuta pumzi tu. Katika upenyo mmoja nikasikia sauti hafifu ikiniita. Nikaendelea. Ikaniita tena. Mara ya tatu niliitambua vizuri, ni yeye.

"Fundi, leo hunisahihishi," nikasema. "Subiri zamu yako."

Nilipoachia kitufe nikasikia mwenzetu mmoja anacheka, nami nikabonyeza tena nikacheka hewani. Nilipomaliza hadithi yangu nikamwita Fundi. Kimya. Nikajua amenuna.

Kumbe alikuwa amekufa. Moyo.

Siku ya maziko nilijificha nyuma ya watu. Wenzangu waliniambia nisijilaumu, eti nani angejua. Lakini wao hawakuisikia ile sauti hafifu, mimi niliisikia. Juma lililofuata nikajikaza, nikashuka bondeni kwa miguu kwenda kumpa pole mkewe.

Shemeji alinipokea vizuri kupita kiasi. Akaniingiza kwenye kachumba ka kazi: bisibisi ndogo zimepangwa kwa urefu, saa za watu zina vikaratasi vya majina, na redio pembeni.

"Kaa kwenye kiti chake, shemeji."

Nilikaa ukingoni.

"Nakushukuru mno," akasema. "Alikufa akiongea na wewe. Nilichungulia hapo mlangoni nikamwona ameshika maiki, na wewe nakusikia unacheka. Nikasema, wacha wazee wapige soga zao. Nikarudi zangu kufua."

Kutoka mlangoni hadi kwenye kile kiti ni hatua nne. Ningeweza kunywa chai yake nikaondoka na shukrani zile, na sitaficha, nilitamani hivyo.

"Alikwambia nini mwishoni?" akauliza. "Wanangu wananiuliza kila siku, sina la kuwajibu."

Uongo ulinijia umeiva kabisa: alikutaja wewe, shemeji, alisema upumzike. Nikaona aibu hata kuufikiria.

"Hatukuongea," nikasema. "Aliniita mara tatu. Nilimsikia. Nilikuwa najisifu, nikamwambia asubiri zamu yake."

Hakulia wala hakunifokea. Aliipangusa redio vumbi kwa upindo wa nguo yake.

"Akasubiri?"

"Alisubiri, shemeji."