Kibao cha Imakulata

Mwaka 1965 walimu wawili wa kujitolea kutoka Ayalandi, Nora na Bridget, walifika Tabora kufundisha Kiingereza katika shule moja ya kati ya bweni. Nyumba waliyoahidiwa ilikuwa haijaezekwa, wakapanga mtaa wa Cheyo kwa Bi Mwanne, mjane mshona kofia. Bi Mwanne hakuwaonea haya. Aliwafundisha kubeba ndoo, kumega ugali, na zaidi ya yote kuamkia.

"Mkubwa ni shikamoo. Mnyamwezi asubuhi ni mwangaluka. Asiyejua kusalimia, wanangu, hata chumvi hauziwi."

Nora alishika upesi. Bridget aliona haya, akawa anatabasamu tu.

Shuleni walikuta kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikika akisema Kinyamwezi, au hata Kiswahili, alivishwa shingoni, na jioni alichapwa viboko mikononi. Jumamosi moja alivishwa Imakulata, msichana wa darasa la saba. Bibi yake alikuwa amekuja kwa treni kutoka Goweko na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mtoto alimpokea langoni kwa lugha pekee ambayo bibi aliijua. Mwalimu mkuu, Justus, aliamuru akivae hadi Jumatatu. Bibi aliyaona yote, akarudi stesheni.

Usiku ule Nora hakula.

"Kwetu Waingereza walifanya vivyo hivyo," alimwambia Bi Mwanne. "Bibi yangu alivishwa kijiti shingoni. Kila neno la Kiayalandi, alama moja. Kila alama, kiboko. Alikufa bila kutufundisha hata wimbo mmoja."

"Sisi ni wageni, Nora," Bridget alisema. "Tumekuja kufundisha, si kugombana na watu."

Bi Mwanne alikata uzi kwa meno. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kunyamaza tu atamponya nani?"

Jumatatu, wanafunzi walipopanga mstari, Nora alimwendea Imakulata, akamvua kibao, akajivisha mwenyewe. Kisha akawageukia wote.

"Mwangaluka!"

Justus alisimama na fimbo kwapani. Ndipo sauti moja ikajibu kutoka nyuma, ya pili ikafuata, mara mstari mzima ukaitikia hadi wapishi wakatoka jikoni.

Nora alifundisha siku nzima na kibao kifuani. Jioni aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, akanyoosha mikono.

"Sheria ni sheria, mwalimu mkuu. Nimesema Kinyamwezi."

Justus aliitazama mikono ile.

"Unadhani napenda kuwachapa?" alisema. "Mkoloni alininyima ukarani kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kibovu. Leo nchi ni yetu. Nataka hawa wasikataliwe popote."

"Kiingereza nitawafundisha mpaka wakiote. Lakini bibi zao sitawapokonya. Nichape, au kibao kisivaliwe tena."

"Toka."

"Na kibao?"

"Nimesema toka!"

Alitoka nacho. Bi Mwanne alikitia jikoni, wakapikia chai.

Mwisho wa muhula Nora alihamishiwa shule ya mbali, Ziba. Hakuna aliyemweleza sababu, naye hakuuliza. Alipanda basi asubuhi, na nusu ya darasa la saba walitoroka shuleni kuja kumuaga.

Shule ilipofunguliwa Justus alileta kibao kipya, akakiweka juu ya meza ya Bridget. "Wewe ni mtu wa busara," alimwambia.

Bridget alikisukuma kikarudi upande wa pili wa meza. "Sitamvisha mtoto yeyote. Ukitaka, nihamishe na mimi."

Justus alichungulia dirishani. Darasa la saba walikuwa wakisubiri kipindi, mtihani ulikuwa mlangoni, na mwalimu mwingine wa Kiingereza hakuwapo.

"Nenda kafundishe," alisema.

"Na kibao?"

Bridget alisimama palepale, mikono kifuani, mpaka alipomwona Justus akikichukua na kukitia kwenye droo. Ndipo akatoka kwenda darasani.